Mwaka Ambao Baba Alinikataza Kufagia

Watu wa Beni wanaomkumbuka baba yangu, Kasimu dereva, wanamkumbuka kwa honi. Siku ya uhuru, mwaka wa sitini, alijaza lori watu waliokuwa wakiimba, akazunguka nao mji kutwa nzima akipiga honi mpaka ikakauka sauti. Mwenye lori, mzee Siméon wa Butembo, alimnunia wiki mbili. Wengine wanamkumbuka kwa ubishi wake. Mimi ni binti yake wa kwanza na ubishi huo nimeurithi wote, kwa hiyo nitasimulia kama ninavyojua mimi, na aliye na habari tofauti akasimulie nyumbani kwake.

Habari yenyewe ni ya mdogo wangu Sikitu, ambaye alikaribia kutimiza miaka miwili miguu yake ikiwa haitaki kugusa ardhi.

Waasi walipoingia Beni, mwaka wa sitini na nne, Sikitu alikuwa na mwaka mmoja na kidogo. Alikuwa ameanza kushika ukuta na kujivuta kutoka mlangoni hadi jikoni, na mama yetu Safi alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote. Tukakimbia. Baba alikuwa anatafutwa, maana waasi walikuwa na malori na hawakuwa na madereva, na dereva aliyechukuliwa harudi. Tukajificha msituni upande wa magharibi, katika kibanda cha shamba cha mtu aliyefahamiana na baba, tukakaa huko zaidi ya miezi mitatu.

Msituni tulikuwa na sheria mbili. Sheria ya kwanza ilikuwa kimya. Sikitu akifungua kinywa tu, mama anaweka kidole mdomoni mwake mwenyewe, nami naweka, na baba anaweka, mpaka mtoto anafunga. Sheria ya pili ilikuwa nyayo. Unyayo wa mtu mzima kwenye njia unaweza kuwa wa mwindaji au wa yeyote yule, lakini unyayo wa mtoto mdogo unasema wazi kwamba kuna familia imelala karibu. Kwa hiyo Sikitu hakuwekwa chini hata mara moja. Alihama kutoka mgongo wa mama kwenda wa baba, kutoka wa baba kuja wangu. Akijaribu kuteremka, tunamdaka kabla vidole havijafika. Mimi, mwenye miaka tisa, nilipewa kazi ya kutembea wa mwisho nikiwa na tawi la majani, nikifuta nyuma yetu. Nilikuwa hodari wa kazi ile. Nilijivuna nayo, nisifiche.

Jeshi lilipourudisha mji, nasi tukarudi. Nyumba ilikuwa haina milango wala sufuria. Lori la mzee Siméon lilikuwa limechukuliwa, likaendeshwa mpaka mafuta yakaisha, likatupwa mtaroni kwenye njia ya Oicha bila magurudumu. Hayo yote yalikuwa ya kutengenezeka. Kilichotushinda ni Sikitu. Ukimweka chini alikunja miguu yote miwili hadi tumboni, kama aliyewekwa juu ya makaa. Ukimwachia alikaa kwa matako, miguu juu, akikutazama. Akilia, kinywa kilifunguka, machozi yakashuka, na sauti haikutoka.

Muuguzi wa zahanati alimvuta miguu, akamgonga magoti, akasema mifupa ni mizima, tumpe maharagwe na mayai. Majirani nao walikuja na dawa yao. Wakachimba shimo uani, kama wanavyofanyiwa watoto wanaochelewa kutembea, wakamsimamisha humo hadi kiunoni na kurudishia udongo ili miguu inyooke. Akasimama humo kama mche wa kahawa, kimya kabisa. Walipomtoa, akakunja miguu. Mama aliurudisha udongo wa shimo lile kwa mikono yake mwenyewe na hakumruhusu mtu kuchimba tena.

Baada ya Idi, akaja shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi huko Kasindi, mpakani. Sote tulimwita Mama Daudi. Sipendi watu wanaomsimulia kama mtu mbaya. Ni yeye aliyetuletea milango, sufuria na unga tuliporudi kutoka msituni, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia kitu. Alikuwa na watoto wa kiume watatu na hakuwa na binti. Kwetu, shangazi akiomba mtoto wa ndugu yake amlee, hiyo ni heshima na hakatazwi. Alimtazama Sikitu, akatazama tumbo la mama ambalo lilikuwa limeanza kuonekana, akauliza ni nani atakayembeba mtoto mkubwa hivi wakati kuna mwingine anakuja. Alisema upande wa Uganda kuna mzee anayejua kunyoosha viungo, na kwamba Sikitu akishachukuliwa atakulia Kasindi, kwake.

Mama aliinamisha kichwa. Baba alikunywa chai yake yote, kisha akaomba apewe muda hadi Maulidi, miezi mitano.

Shangazi akakubali. Alisema, akichanganya Kifaransa chake cha biashara, akisimama kwenye mlango ambao aliuleta yeye mwenyewe: "Sawa, Kasimu. Mais kama ku Maulidi huyu mutoto angali ku mugongo, donc itakuwa ku mugongo yangu."

Alipoondoka, mama alimgombeza baba jikoni kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia, ingawa kwa sauti ya chini kama kawaida yetu ya siku zile. Alimwambia amemuuza mtoto kwa kikombe cha chai. Baba akajibu kwamba hajamuuza mtu, ameomba muda, na dereva aliyepewa muda hufika.

Kesho yake akachukua kitenge cha mama, akamfunga Sikitu mgongoni, akapita naye katikati ya mji.

Beni nzima ilicheka. Mwanamume mzima, dereva, na mtoto mgongoni kama yaya! Wenzake waliokaa mbele ya msikiti wakamuuliza kama atanyonyesha pia. Mimi nilitembea nyuma yake nimebeba sanduku la vyuma vyake, natamani barabara inimeze. Baba aliwajibu bila kusimama, akiliita lori kama madereva wenzake walivyoliita: "Kamyo yangu haina magurudumu. Acheni nibebe hii kwanza."

Tulikwenda kwenye lori lililotupwa mtaroni. Mzee Siméon alikuwa amemwahidi vipuri kutoka Uganda, na kazi ya baba ilikuwa kulifungua, kulisafisha na kulifunga upya kidogo kidogo. Akamkalisha Sikitu kwenye kiti cha dereva, juu ya springi zilizobaki bila godoro, akampa bolti, vifuniko vya makopo na waya. Mtoto akaanza kuzipanga, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Saa sita baba alitoka chini ya injini, akatazama ule mpango, akaniita nije nishuhudie. Alifurahi hata nikamwonea aibu.

Basi ikawa hivyo. Kwa kopo la samaki, vifuniko vinne na raba ya ndala kuukuu, baba alitengeneza lori dogo lenye kamba. Sikitu alilipakia punje za kahawa, akalivuta juu ya kiti, akalipakua, akalipakia tena. Alichovya kidole kwenye oili chafu na kuchora ndani ya mlango wa lori mistari mirefu iliyopinda, ambayo baba alidai ni barabara ya Butembo, na akamwonyesha kila aliyepita. Ijumaa, baada ya swala, alitukusanya sote twende kijitoni, mama na karanga zake kwenye kapu. Huko walifinyanga udongo. Baba alifanya ng'ombe, Sikitu akang'oa kichwa. Baba akafanya mtu, Sikitu akamwongezea vichwa viwili. Mikono yake haikuogopa kitu chochote duniani. Lakini kila baba alipojaribu kumteremsha kwenye mchanga laini wa kijito, miguu ilipanda tumboni.

Mama alipunguza hasira, maana hakuna mwanamke aliyemjua ambaye mume wake alimchukua matembezini. Ila alihesabu miezi. Nilimwona akiwa anakunja nguo za Sikitu na kuziweka upande mmoja wa sanduku, zikiwa peke yake.

Mwezi wa sita lori likawaka. Safari yake ya kwanza ilikuwa kupakia viazi Masereka, juu milimani, ng'ambo ya Butembo, kwa Kambale, mkulima Mkatoliki aliyemuuzia baba viazi tangu kabla ya uhuru. Dereva hachukui mke na watoto kwenye safari ya kazi. Baba alituchukua, tukajibana wanne ndani, na Sikitu aliyatazama mashamba yakipita dirishani kinywa wazi.

Masereka kuna baridi na mashamba yanainama kiasi kwamba mtu analima akiwa amesimama wima. Kaswera, mke wa Kambale, alitupokea kwa chai na viazi vya kuchemsha, tukaketi ukingoni mwa shamba wakati wanaume wakipakia. Watoto wake walikuwa na mchezo wao: wanachagua viazi vya mviringo, wanaviachilia juu, na kuona cha nani kitafika bondeni kwanza. Baba akaacha magunia, akaja kucheza. Akamweka Sikitu mapajani, akampa kiazi.

Hapo Kaswera, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alimgeukia mama akauliza: "Sababu gani munaongea chinichini? Kuko mugonjwa?"

Mama hakuelewa. Akajibu, kwa kunong'ona, kwamba hakuna mgonjwa. Kaswera akasema ametusikiliza tangu asubuhi na hajasikia sauti ya mtu mzima mwenye afya. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu na kuuliza kwa nini binti huyu anaharibu kijia chake.

Nikatazama. Nilikuwa nimesimama na tawi la mkaratusi mkononi. Nyuma yangu, kuanzia lori hadi pale tulipoketi, njia ilikuwa laini, haina hata alama moja. Sikukumbuka kulichuma lile tawi.

Wakati huohuo kiazi cha Sikitu kikamponyoka. Kikaruka tuta, kikaruka la pili, kikakipita cha mtoto wa Kaswera, kikaenda kama kina haraka ya sokoni. Sikitu akafungua kinywa ili acheke. Na mikono mitatu ikapanda mara moja, wa mama, wangu na wa baba, kila mmoja kidole mdomoni. Sikitu akafunga kinywa.

Baba akabaki na kidole palepale, akikitazama kama si chake. Akamtazama mama. Akanitazama mimi na tawi langu. Kambale akamwita mara mbili kwamba magunia yanasubiri.

"Kamyo ikikataa kutembea," akasema, "miye natazama kwanza breki. Miezi hii yote nilitazama magurudumu tu. Breki ni siye."

Mama akaanza kulia, kwa sauti safari hii. Mimi nilikasirika. Niliona kama ameniambia nilimlemaza mdogo wangu. Tangu tuliporudi, majirani walikuwa wakinisifu kwa usafi. Nilifagia ua kila jioni mpaka ukawa kama sahani, hata mama mmoja wa jirani akawatuma binti zake waje wajifunze kwangu. Sasa nikajua nilikuwa nafuta nini. Na Sikitu, akiwa mgongoni mwa huyu au yule, alikuwa ananitazama kila siku nikiwafuta watu juu ya ardhi. Nilitupa lile tawi bondeni, nikaenda kukaa nyuma ya lori, nikakataa viazi vya Kaswera ambavyo nilivitaka sana.

Baba alinifuata. Hakunibembeleza, hakuwa na kawaida hiyo. Alichuchumaa mbele yangu. "Kule mu pori ulituponyesha, Halima. Ile kazi imekwisha. Sasa nakupa ingine: chafua."

Kazi ya kuchafua ilianza saa ileile. Alimpakata Sikitu nyuma ya usukani, akaiweka mikono miwili ya mtoto juu ya honi, akatangaza kwamba ndani ya lori hili atakayenong'ona atateremka atembee kwa miguu hadi Beni. Kutoka Masereka hadi Butembo, honi haikupumzika. Mbuzi walikimbia, watawa waliokuwa wakipita njiani walifanya ishara ya msalaba, na pale Butembo sokoni wanawake wa vitunguu walimlaani baba kwa Kinande na kwa Kiswahili. Mama alikuwa akipiga kelele kwamba atatuua sote, na alikuwa anacheka. Karibu na kanisa kubwa Sikitu akatoa sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya mlango usiotiwa mafuta. Tukajizuia, mama na mimi tukikalia mikono yetu, baba ameng'ang'ania usukani, na ile sauti ikatoka tena.

Miguu ilibaki. Zilikuwa zimesalia wiki tano kufika Maulidi.

Tulipofika nyumbani baba aliuchukua ufagio wangu akautupa juu ya paa la mabati. Kisha akachukua chokaa iliyonunuliwa kwa ajili ya kupaka nyumba kabla ya Maulidi, akakoroga udongo mwekundu kwenye ndoo ya pili, na masizi na oili kwenye kopo. Akavua viatu. Alikanyaga chokaa, akatembea juu ya ubao, akalala chali na kupandisha miguu ukutani hadi ukuta wa mbele ukawa na nyayo zinazopanda kwenda paani. Mama, na tumbo lake kubwa, alikanyaga ndoo nyekundu na kuzunguka ua mzima mara tatu. Mimi nilichukua masizi. Majirani walichungulia juu ya ua wa mianzi na kusemezana kwamba vita vimewapitia vibaya watu wa Kasimu.

Sikitu alitoa mikono kwanza, akaipiga ukutani mpaka akatosheka. Miguu alikunja. Baba hakumlazimisha. Alitafuna ncha ya kijiti kikawa brashi, akampaka chokaa kwenye nyayo huku mtoto akijinyonganyonga kwa kutekenywa, kisha akaleta ubao, akaugandamiza kwenye miguu yake pale ilipokuwa, juu hewani. Ardhi ikamwendea yeye. Ubao ule wenye nyayo mbili nyeupe, ndogo kama majani ya muhogo machanga, aliugongelea chini kabisa kando ya mlango.

Asubuhi, jambo la kwanza, Sikitu alinyoosha kidole mlangoni. Tukampeleka. Nyayo zilikuwepo. Kesho yake akanyoosha kidole tena, bado zilikuwepo. Siku ya tano hakutaka kuondoka hapo.

Ndipo baba alipofanya jambo ambalo fundi peke yake angelifikiria. Alikata raba ya tairi kwa kipimo cha mguu wa Sikitu, na vidole vyote vitano, akaigongelea kwenye fimbo mbili, mguu wa kulia na wa kushoto. Kila alfajiri kabla ya swala aliutembeza ule mguu wa raba kwenye vumbi la uani, kutoka mlangoni hadi kwenye lango la mianzi, hatua kwa hatua. Kila asubuhi Sikitu aliamka akaona mtoto wa ukubwa wake amepita. Aliikagua njia ile kutoka mgongoni, akiinama huku na huku. Wiki ya tatu alikubali kuteremshwa, huku akishikwa kwapani, mguu mmoja uingie ndani ya unyayo. Ukaenea sawasawa. Akautoa haraka, akautazama, akaurudisha. Wiki ya nne alisimama peke yake juu ya nyayo mbili, ameshika kidole cha baba. Ila kwenda kwenye ya tatu alikataa, na akikataa anakunja.

Siku ya Maulidi ikafika hivyo, mtoto anasimama na hatembei. Baba alitoka mapema kwenda msikitini kusaidia kupika pilau ya watu. Alikuwa ametengeneza njia kama kawaida, mguu wa raba kutoka mlangoni hadi langoni, na safari hii aliipitisha mara mbili.

Shangazi alifika na lori la Kasindi saa mbili. Alikuwa amevaa vizuri, na begani alikuwa na kitenge kipya kabisa, kirefu, cha kubebea. Alitusalimu, akakaribishwa, akatazama ua wetu. Ukuta una nyayo zinazoelekea paani. Vumbi limekanyagwa kila upande. Akasikitika. Wageni wa Maulidi watakuja, na shemeji yake ni mjamzito, maskini, ameshindwa hata kufagia. Alikuwa mtu wa kazi, hakungoja kuombwa. Mama alikuwa ndani akimvisha Sikitu, nami nilikuwa kisimani. Niliporudi na ndoo, shangazi alikuwa ameagiza ufagio kwa jirani, amekunja gauni lake zuri, na amefika langoni. Ua ulikuwa kama sahani.

Niliiangusha ndoo. Ningeanzia wapi kumweleza alichofagia? Mama akatoka na Sikitu mgongoni, akaona, akasimama. Baba akaingia langoni wakati huohuo, ana moshi wa kuni machoni, akaona, na akaketi kwenye jiwe pale alipokuwa, kama mtu aliyeambiwa daraja limevunjika mbele.

Shangazi hakuelewa nyuso zetu. Alidhani ni uchungu wa kuagana, na kwa kweli macho yake yalikuwa yamelowa pia. Akatandua kile kitenge. Akasema taratibu kwamba muda umefika, akamfungua Sikitu mgongoni kwa mama, na ili amfunge vizuri akamtua chini kidogo, juu ya ardhi tupu.

Sikitu alikunja miguu. Kisha akatazama chini.

Njia haikuwepo. Ilikuwa vumbi tupu lenye mistari ya ufagio, kutoka mlangoni hadi langoni kwa baba. Aliitafuta upande huu, akaitafuta upande ule. Uso wake ukakunjamana. Nilidhani analia, na ndiyo mara ya kwanza nikaona kwamba mdogo wangu naye ana hasira za nyumba yetu. Aliteremsha mguu mmoja na kuukanyagisha chini, paa. Akauinua. Akatazama. Unyayo ulikuwa pale, na vidole vyote vitano.

Akateremsha wa pili.

Alitoka mikononi mwa shangazi. Alikwenda hatua moja, akageuka na kuangalia nyuma; hatua nyingine, akageuka. Alikuwa anakagua kazi. Katikati ya ua alianguka kwa matako, akageuka kuona na matako yameacha alama gani, akainuka bila kushikwa. Watu waliokuwa wakipita kwenda msikitini walisimama langoni. Hatua tatu kutoka kwa baba, akasimama, akageuka kabisa, akamtazama shangazi na ule ufagio, akanyoosha kidole kwenye njia yake yote, akapaza sauti iliyosikika nyumba ya nne:

"Ya miye."

Mkono wa mama ulipanda. Niliuona ukipanda kwenda mdomoni. Lakini haukuwa kidole, ulikuwa mkono mzima, na mama alipiga kigelegele ambacho majirani walikijibu kabla hawajajua sababu. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi. Sikitu akamaliza hatua tatu, akamfikia, akamshika masikio yote mawili.

Shangazi alisimama na kitenge mikononi. Baadaye, alipoelezwa yote, habari ya msituni na ya tawi na ya mguu wa raba, alikaa chini akacheka hadi akalia, akalia hadi akacheka, akasema tangu aolewe hajawahi kufagia mahali pabaya namna ile. Kile kitenge alimwekea mama mapajani. Alisema ni cha huyu anayekuja, maana huyu mwingine hana tena haja ya mgongo wa mtu. Alikula pilau, akalala siku mbili, na kabla ya kurudi Kasindi akavua viatu vyake vya mjini, akakanyaga chokaa, akaacha nyayo zake ukutani pamoja na zetu. Ni kubwa kuliko za baba. Tulimtania hadi alipokufa.

Siku iliyofuata Maulidi, shangazi angali kwetu, baba akatuchukua sote kijitoni, na mama na karanga zake. Beni haikucheka, watu walitoka milangoni kutazama. Baba mbele amebeba kapu, shangazi na mama wakifuata polepole, wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu jina la mtoto atakayezaliwa. Sikitu nyuma yao, kwa miguu yake mwenyewe, akivuta lori la kopo, akisimama kila hatua ya tano kugeuka na kuhakikisha. Na mimi wa mwisho, kama kawaida yangu, mikono mitupu. Tulifika kijitoni jua limekuwa kali, kwa sababu alikagua hatua zake zote. Nilipogeuka kutazama tulikotoka, tulikuwepo njia nzima, watano, na sikufuta kitu.